Maji Yamefungwa

Msibani walisema alikuwa mkali lakini mwenye moyo mzuri. Ndivyo wanavyosemwa wote waliotutesa wakishalazwa kwenye sanduku. Mimi nilikwenda kwake kila Jumamosi kwa miaka mitatu, nikipanda kile kilima kwa mguu na tarumbeta mgongoni kama nimebeba mtoto, na huo moyo mzuri niliuona mara moja tu, tena kwa kuchungulia. Ukali niliuona kila wiki. Kwa hiyo nitaeleza ninachokijua, na hao wa moyo mzuri waeleze wao.

Tulimwita Mwalimu. Yeye hakuwahi kutuita kwa majina yetu. Alituita kwa mahali tulikotoka, akisema jina atampa mtu siku atakapopiga kitu cha kueleweka. Mimi nilikuwa Kiboriloni, kwa kuwa nauza mitumba pale sokoni. Kijana wa gitaa la besi, karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo, alikuwa Himo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye saksofoni ya mkopo kutoka kwa shemeji yake, naye aliitwa Bomang'ombe. Watu wazima watatu, wote tumeshavuka thelathini, tumekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba yake, migomba mbele yetu, tunasubiri kutukanwa.

Nilivyofika kwake ni aibu ya kusimulia. Tangu nikiwa msichana nilipiga tarumbeta kwenye bendi ya parokia, sauti ya tatu, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane. Tulisoma karatasi. Noti iliyoandikwa niliipiga, isiyoandikwa sikuijua. Basi siku moja tukiwa kwenye harusi huko juu kilimani, mvua ikashuka ghafla, karatasi yangu ikalowa na wino ukatiririka. Nikashusha tarumbeta nikasimama kimya, wimbo ukiwa katikati. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijivu, aliyekuwa mbele kabisa na kata ya mbege mkononi, akanicheka mpaka akamwaga pombe.

"Karatasi imelowa," akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Na wewe je, umelowa ndani?"

Usiku ule sikulala vizuri. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake nikimwomba anifundishe kupiga bila karatasi.

Alikuwa amepiga tarumbeta katika bendi ya shamba la miwa kule tambarare, enzi ambazo kila kiwanda kilikuwa na bendi yake. Alipenda kusema kwamba nchi hii ilikuwa na bendi nyingi zenye neno jazi kwenye jina, na hakuna hata moja iliyopiga jazi. Walipiga dansi, wakapiga vizuri sana, ila jina waliliazima kama mtu anavyoazima koti la kwendea mjini. Jazi yenyewe aliijulia kwenye redio, kipindi kimoja kwa wiki, miaka mingi, sikio limebandikwa kwenye spika. Alikuwa akisikia kitu mara moja tu, hana pa kukirudia, kisha anakwenda kukitafuta kwenye tarumbeta mpaka kipindi cha wiki ijayo. Nadhani ndiyo maana hakuwa na huruma na mtu mwenye simu.

"Wewe una muziki wa dunia nzima mfukoni," alimwambia Himo, "na bado unapiga kama mtu anayetafuta choo gizani."

Sifa ya kumpa mtu alikuwa nayo moja tu, neno moja: amepiga. Alilitumia kwa uchache, na alilitumia kwa kila kiumbe isipokuwa sisi. Ndama wa jirani aliyemlilia mama yake jioni, Mwalimu alinyanyua kidole tukae kimya, akasikiliza, akasema, "Huyo amepiga." Padri alikohoa katikati ya mahubiri, Mwalimu akamnong'oneza mke wake, na mke wake akaja kutuambia: padri amepiga. Kuna mtoto mchanga nyumba ya tatu aliyesifiwa kwa kilio kile kile mara mbili. Nami nikiwa nimetoka Kiboriloni na midomo imevimba kwa mazoezi, nikajikuta namwonea wivu ndama. Nilitaka neno hilo. Sitaki kujifanya nilitaka kingine chochote, sanaa au utamaduni. Nilitaka yule mzee aniangalie aseme, "Umepiga."

Mwezi wa kwanza alinipa noti moja. Moja tu, mwezi mzima. Nilipolalamika, aliniambia nimwamkie.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sasa niamkie kama unanidharau."

Nikamwamkia hivyo, na haikunipa taabu. Akanitaka nimwamkie kama naomba kitu, kisha kama namwogopa, kisha kama ni babu yangu niliyemkumbuka sana na leo ndiyo namwona. Neno likawa lile lile, na kila mara lilitoka jingine kabisa. "Sasa chukua hilo tarumbeta," akasema, "uniamkie mara tano kwa noti moja, na Himo akiwa ameziba uso ajue ni shikamoo ipi." Himo hakujua hata moja kwa wiki tatu. Wiki ya nne alijua ile ya dharau.

Baada ya hapo alinipa noti tano, na sharti: usichoweza kukiimba usikipulize. Tuliimba kwanza kwa midomo mitupu, kama wehu watatu kwenye benchi, halafu ndipo tukaruhusiwa kugusa vyombo. Akatufundisha kuuliza na kujibu: unapiga maneno mawili, unanyamaza, unajijibu. Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi, maana kwenye bendi ya parokia ukinyamaza ujue umepotea.

Lakini kitu alichotufundisha kwa ukatili wa kweli ni kuhesabu. Mwalimu alikuwa pia msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani kupitia vihamba, mashamba yanayozunguka nyumba za watu. Kila nyumba ina zamu yake. Unafungua, unamwagilia migomba na kahawa, muda wako ukiisha unafunga kwa udongo na magome ya mgomba ili maji yaende kwa jirani. Yeye alikuwa anazunguka na saa yake ya mkononi kuangalia nani amepitiliza, na wanawake wa kitongoji kile walikuwa wanamwogopa kuliko mwenyekiti wao.

Solo, kwake, ilikuwa zamu ya maji. Wimbo una vipimo kumi na viwili, kila kimoja mapigo manne, kisha unaanza upya. Hivyo kumi na viwili ni vyako, fanya utakalo. "Ukimaliza kabla, umeacha shamba na kiu," alisema. "Ukipitiliza, wewe ni mwizi."

Na mwizi alikuwa na adhabu yake. Ukipitiliza, hata kwa pigo moja, Mwalimu alisimama, akavua ile kofia ya kijivu, akaisokomeza kwenye kinywa cha tarumbeta huku bado unapuliza. "Maji yamefungwa." Sauti yako inafia mle ndani, kwenye kofia inayonuka jasho na ugoro. Na maji yakishafungwa hayafunguliwi. Hata ulie, hata Himo akuombee, unakaa kwenye benchi mpaka Jumamosi ijayo, zamu yako nyingine ikifika.

Ngoma hatukuwa nayo. Ngoma yetu ilikuwa mguu wa mke wake, aliyekaa barazani akimenya ndizi, kandambili yake ikipiga sakafu, pa, pa, pa, pa, bila kukosea na bila kutuangalia. Mama yule hakuwahi kushika chombo chochote cha muziki. "Mkipotea, sikilizeni mguu," Mwalimu alisema. "Mimi mwenyewe nimepotea mara nyingi, na ndio ulionirudisha." Hilo lilikuwa jambo la upole kuliko yote niliyomsikia akisema, na hakulisema mbele ya mke wake.

Bomang'ombe hakudumu. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vyepesi kuliko sisi wote, ila aliogopa. Alikuwa akimaliza solo yake kwenye kipimo cha tisa au cha kumi, ili awe mbali na kofia. Mwalimu alimvumilia wiki nne. Ya tano alimwuliza ana watoto wangapi darasani kwake. Akasema themanini na kitu.

"Na wote unawafundisha kuacha sentensi kabla haijaisha?"

Bomang'ombe akatabasamu, akidhani ni utani. Mwalimu akamwambia arudishe saksofoni kwa shemeji yake, maana chombo kile kilikuwa na haya kwa niaba yake. Akalisema hilo taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Yule bwana alifungasha, akamshukuru, akamuaga mke wa Mwalimu, akashuka. Sikumwona tena huko juu. Nilikutana naye kituo cha basi Bomang'ombe mwaka mmoja baadaye, nikamwuliza habari za saksofoni, akaanza kunieleza habari za mvua.

Nilimchukia Mwalimu siku ile. Nilifurahi pia, na ni lazima niseme hivyo, kwa sababu benchi lilibaki na watu wawili na zamu yangu ikaja haraka zaidi.

Sasa kosa langu. Desemba watu wetu wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, hakuna wiki isiyo na sherehe, na jirani mmoja alimwomba Mwalimu apige kwenye komunyo ya kwanza ya mwanawe. Mwalimu akasema atatuleta sisi. Solo ingekuwa yangu. Mama yangu mzazi angekuwepo, na shangazi zangu wawili kutoka Dar, na nusu ya bendi ya parokia.

Nikaogopa, nikafanya kile ambacho mtu wa parokia anafanya akiogopa. Niliandika. Jioni kwa jioni, kwenye daftari la shule, niliandika solo nzima ya vipimo kumi na viwili, noti kwa noti, nikafuta na kusahihisha, nikaikariri kama sala ya Malaika wa Bwana. Hata pa kupumua niliandika. Siku yenyewe nikasimama katikati ya turubai bila karatasi, nikafumba macho nusu ili nionekane ninatunga.

Nilipiga vipimo vinne. Mwalimu alikuwa amekaa karibu na Himo, mikono imelala magotini. Alimtazama Himo, akanyanyua nyusi kidogo tu, na Himo, mjinga yule, akatii: akauhamisha wimbo kutoka ufunguo tuliokuwa nao, kile kimo cha sauti tulichoanzia, akaupandisha wa juu. Mtu anayesikiliza angehama naye. Mimi nilikuwa nasoma daftari lililo kichwani. Niliendelea na ufunguo wangu, Himo na wake, tukasikika kama sherehe mbili za vijiji viwili zilizokutana njiani. Watu wakaanza kugeuka. Nikachanganyikiwa, nikapoteza hesabu, nikapita kipimo cha kumi na mbili nikitafuta mahali pa kutulia, na hapo nikaiona kofia inakuja.

Mbele ya watu wote wale. Mbele ya mtoto wa komunyo mwenye mshumaa wake.

"Maji yamefungwa," akasema. Kisha akawageukia wageni. "Mtusamehe. Alikuwa anasoma barua."

Wakacheka sana, maana mbege ilikuwa imeshazunguka. Nikakimbilia nyuma kwa mama yangu, aliyekuwa anagawa mtori, nikategemea walau yeye atasema kitu. Akaniangalia, upawa mkononi.

"Yule mzee ana roho mbaya, mwanangu," akasema. "Ila hata mimi nilisikia unasoma."

Jumamosi iliyofuata nilipanda tena. Mwalimu alikuwa barazani.

"Umekuja na karatasi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umekuja na nini?"

"Na hasira."

"Kaa," akasema. "Hasira nayo ina vipimo kumi na viwili."

Siku ile ndipo nilipoanza kupiga. Si vizuri, lakini kilichotoka kilikuwa changu, kilikuwa kinamsikiliza Himo, na kilipofika mwisho nilijua kimefika kabla mkono wa Mwalimu haujagusa kofia. Nilishusha tarumbeta nikamtazama. Kandambili ya mke wake ilikuwa bado inapiga. Mwalimu akatoa ugoro, akavuta, akapiga chafya. "Himo," akasema, "zamu yako."

Nilisema moyo wake niliuona mara moja. Ilikuwa wakati wa kiangazi. Kulikuwa na mjane jirani yake ambaye Mwalimu alimfungia maji hadharani kwa kupitiliza, akamwita mwizi mbele ya wakwe zake, mpaka yule mama akaketi chini. Kesho yake nilipanda alfajiri kwa sababu nilikuwa na mzigo wa kupokea mchana. Nikamkuta Mwalimu ameinama kwenye mfongo, suruali imekunjwa magotini, anafungua maji kuelekea kwa mjane kwa mikono yake. Ilikuwa zamu ya Mwalimu mwenyewe. Aliponiona alisema nikisema kwa mtu nisirudi kwake. Baadaye nilijiuliza kwa nini asingemwambia tu yule mama, na kwa nini ilibidi kwanza amwaibishe. Mjane mwenyewe alikufa akiamini migomba yake iliokolewa na umande.

Mwaka wa tatu nilianza kupungua. Biashara, visingizio. Ukweli ni kwamba nilichoka kungoja neno. Himo alikwisha kupata lake; Mwalimu alimwambia siku moja, kama bahati mbaya, "Leo umepiga," na tangu siku hiyo akamwita Elia, jina lake la ubatizo. Mimi nilibaki Kiboriloni. Nikakaa miezi saba bila kupanda.

Himo ndiye aliyenipigia simu kuniambia Mwalimu amepata kiharusi. Upande wa kulia umelala, mdomo umekwenda kando, kusema kwake kwa taabu.

Nilinunua sukari kilo mbili na mkate, kama anavyofanya mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Na nikabeba tarumbeta. Nitasema kwa nini nililibeba: kwa sababu nilisikia hawezi kusema. Nilifikiri, leo nitampigia na hatakuwa na cha kunitukania. Nilipanda kile kilima nimefurahi.

Alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha sebuleni, mito miwili mgongoni, kofia imetundikwa kwenye nguzo ya kitanda. Uso wake ulikuwa umegawanyika, nusu mzee niliyemjua, nusu mtu aliyechoka. Mke wake alikuwa kwenye kiti chake, beseni la ndizi miguuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akanyanyua mkono wa kushoto. Marahaba haikutoka.

Nikampigia. Kandambili ikaanza yenyewe, nami nikaingia. Sijawahi kupiga vile, na sidhani nitapiga tena. Niliuliza, nikanyamaza, nikajibu. Nilimwamkia kwa zile shikamoo zote tano. Kipimo cha kumi na mbili kilipoisha nilishusha tarumbeta pale pale, si pigo moja zaidi. Nikamtazama, na nikaona jicho lake zima limelowa. Nikangoja. Nilijua anaweza kulisema. Alikuwa amemwomba mke wake maji dakika chache kabla, na nikasikia.

Hakulisema. Alinyoosha mkono wa kushoto kuomba tarumbeta.

Alilibandika kwenye upande mzima wa mdomo. Pumzi ikavuja, ikalia kama sufuria inayochemka, mate yakatiririka kidevuni. Akatema, akajipanga upya. Kisha ikatoka noti moja. Ilikuwa chafu na nyembamba, lakini ilisimama. Akairudia. Noti ile ile moja, mara kama anaomba, mara kama anagomba, na mguu wa mke wake ukiwa chini yake, pa, pa, pa, pa. Nami nilikuwa nahesabu. Sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu, na kifua kinaniwaka: miaka mitatu, ndama amepata, padri amepata, Himo amepata, na hata sasa, badala ya kunipa neno moja, amenipokonya tarumbeta ili apige yeye. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Naye anaendelea.

Nikaichukua kofia kwenye nguzo ya kitanda nikaisokomeza.

"Maji yamefungwa, Mwalimu."

Kandambili ikanyamaza. Mwalimu alilitoa tarumbeta mdomoni taratibu. Hakukasirika. Aliniangalia kama alivyozoea kuniangalia nikikosea, akanyanyua kidole kimoja.

"Bado," akasema. Ilimchukua muda. "Bado kimoja."

Nikamgeukia mke wake. Alikuwa ameshika kisu na ndizi iliyomenywa nusu, ananitazama kama mtu asiyenijua.

"Ulianza kuhesabu alipokuwa anatafuta pa kuweka mdomo," akaniambia. "Alikuwa bado hajaingia. Mimi nilianza alipoingia yeye. Alibakiwa na kimoja."

Nikaichomoa kofia, nikamrudishia tarumbeta. "Malizia, Mwalimu. Nisamehe. Malizia, baba yangu." Akatikisa kichwa. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Akaniwekea mkono kichwani, ule mzima, kisha akausukuma uso wangu pembeni, bila nguvu.

"Zamu... ijayo," akasema.

Mke wake alinisindikiza mpaka kwenye mfongo. Nikamwuliza kama naweza kurudi Jumamosi.

"Njoo umsalimie," akasema. "Hilo tarumbeta uliache kwako."

Ijumaa Himo alinipigia, na kabla hajasema chochote nikajua. Siku ya mazishi bendi ya parokia ilipiga, kwenye karatasi, na nikapiga nao sauti yangu ya tatu. Bado nina pumzi, nina midomo mizima, na kila wimbo unanipa vipimo vyangu kumi na viwili. Yeye nilimwachia kumi na moja.